Ua Baya la Mzee Maganga

Juzi mvua ilitufungia ndani, mimi na mjukuu wangu Tatu. Umeme ukakatika, simu yake ikazima, na hapo ndipo alipokumbuka kwamba ana bibi. Akaniuliza, zamani mvua ikinyesha hivi mlikuwa mnafanya nini? Nikamwambia akoroge unga wa ngano kwa maji, auweke motoni, na ukianza kushika atie karafuu zilizotwangwa. Alidhani tunapika. Mvuke wa kwanza uliponifikia puani sikuwa tena kwenye kochi la mwanangu. Nilikuwa Kariakoo, nimekaa chini kwenye mkeka, kamasi zinanitoka, na Bibi ananiambia kwa mara ya mia nisiguse mkasi wake.

Ile ilikuwa gundi, siyo uji. Karafuu ni kwa ajili ya mende, maana gundi ya ngano bila karafuu ni karamu ya mende. Tukakata karatasi, tukafanya maua. Langu lilitoka limelala upande, kwa sababu vidole vyangu siku hizi vinatetemeka. La Tatu likatoka baya kuliko langu, na huyo ndiye anayewasuka nywele wasichana wa mtaa mzima. Nilicheka, kisha mawazo yakanitoka yakaenda zake, na hapa ndipo yalipokwenda.

Wenzangu wa rika langu mnaikumbuka masika ya Kariakoo ya wakati ule, Waingereza wakiwa bado wapo na mitaa yetu mingi ikiwa ya mchanga. Mvua ikishuka, mchanga unakuwa bwawa na vyura wanahamia bila kumwuliza mwenye nyumba. Nyumba yetu ilikuwa hatua chache kutoka sokoni, nyumba ya vyumba vingi vinavyotazamana, ukumbi mrefu katikati, na ua nyuma penye jiko na choo. Babu ndiye aliyeijenga, na alipofariki ikabaki mikononi mwa Bibi. Sisi tulikaa vyumba vya mbele, wapangaji vya nyuma. Bati likipigwa na mvua hakuna aliyemsikia mwenzake, kwa hiyo watu walisogeza vigoda ukumbini wakaongea kwa kupaza sauti, kama wanagombana.

Masika ndiyo ilikuwa msimu wa karatasi kwa wazee wetu. Harusi zilisubiri mvua zikatike, na chumba cha bi harusi asiyekuwa na maua ya karatasi juu ya kitanda kilihesabiwa kuwa ni bohari tu. Kwa hiyo wazee, ambao hawakuweza kwenda shamba wala kukaa barazani, walikaa ukumbini wakayatengeneza. Bibi alikuwa gwiji. Alikunja karatasi ya shashi mara kadhaa, akaipitishia mkasi bila kuichora, akaifungua, na petali zikatoka sawa sawa zote. Kisha akazipinda kingo kwa kucha ya kidole gumba, moja baada ya nyingine, mpaka ua likawa limechanua. Bi Chiku, mpangaji wetu kutoka Lindi, alikuwa wa minyororo ya rangi. Sisi watoto tulikuwa wa kuokota mabaki. Shashi nyekundu ukiilowesha kwa mate ukaisugua mdomoni, unakuwa bi harusi mwenyewe. Bibi alikuwa akituona midomo imetuiva anatwambia tumekunywa damu ya kuku, twende tukaoshe kabla baba zetu hawajarudi.

Na alikuwapo Mzee Maganga. Huyu alipanga chumba cha mwisho, karibu na mlango wa uani. Alikuwa Mnyamwezi, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa isiyovuliwa, na alikuwa akiuza karanga pale sokoni. Nilipotumwa sokoni nilikuwa nikisimama kumtazama. Macho yake yako kwa mteja, mdomo unasimulia, na vidole vyenyewe vinasokota kipande cha gazeti mpaka kinakuwa kifuko chenye ncha chini na mdomo juu, kimebana, hakimwagi hata punje. Hakuvitazama vidole vyake hata mara moja. Mimi nilitazama karanga tu.

Nilimchukia Mzee Maganga. Nilikuwa na sababu, na zingefika mahakamani ningeshinda. Kila asubuhi alipopita mbele ya chumba cha Bibi alisimama akauliza, "Mtani, hujafa bado?"

Bibi hajibu salamu hiyo kwa upole. "Nife niwaachie nyumba nyie mliokuja mjini na mizigo ya watu kichwani?"

"Nyie Wazaramo mkivuna kikapu cha mpunga mnacheza ngoma mpaka kikapu kinaisha. Nyumba iachiwe watu hao?"

"Na nyie mlipoiona bahari mara ya kwanza mkachota maji mkasongea ugali. Mkabaki mnaulizana nani katia chumvi."

Basi hapo wataendelea mpaka Mzee Maganga aondoke na karai lake la karanga. Mtu mzima ukisikia unajua ni utani, Mzaramo na Mnyamwezi, jambo la tangu na tangu. Lakini hakuna aliyekaa na mtoto akamweleza. Wakubwa hudhani mtoto huzaliwa anajua. Mimi nilisikia mtu anamwuliza bibi yangu kila siku kama amekufa, nikajua anasubiri jambo hilo kwa hamu.

Kilichonimaliza kabisa ni msiba wa Babu. Watu wanalia, jeneza liko mabegani, na Mzee Maganga akaenda kujilaza kizingitini, miguu huku, kichwa kule. Akasema maiti haitoki mpaka apewe haki yake, huyu mzee alikuwa bahili, hajampa hata kikombe cha kahawa. Watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka huku machozi yanawatoka. Baba yangu mwenyewe akacheka. Akaletwa jogoo, Mzee Maganga akainuka, akamkumbatia jogoo wake, na jeneza likapita. Nikaweka moyoni. Mtu aliyemzuia babu yangu asizikwe, sikuona atakalofanya baadaye la kunishangaza.

Masika iliyofuata ndiyo ninayoisimulia. Shangazi Zuhura, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa amechumbiwa, na harusi ilikuwa inasubiri mvua tu. Bibi alikuwa amepamba vyumba vya mabinti wa watu mpaka Buguruni. Chumba cha Zuhura alikiwekea nadhiri. Shashi zilinunuliwa Uhindini, nyekundu, nyeupe na za manjano, zikakunjwa zikalazwa chini ya godoro zisipate unyevu. Kisha Bibi akaugua.

Ilikuwa homa ya kifua. Ilimshika, ikambana, nyumba nzima ikatembea kwa vidole, ikamwachia. Daktari alisema ugonjwa umeisha, sasa ainuke, ale, atembee. Bibi hakuinuka. Alikaa kitandani siku moja akaomba shashi na mkasi, na sisi tukafurahi. Akakunja, akakata, akafungua. Mikono ilikuwa inatetemeka na petali zikatoka kila moja na umbo lake. Akalitazama lile ua kwa muda mrefu. Akauweka mkasi chini, akaugeukia ukuta, akasema, "Mikono imeshakufa. Kilichobaki na kifuate."

Mama akamletea uji, ukapoa. Shangazi Zuhura akakaa ukingoni mwa kitanda akasema harusi isogezwe, Bibi akajifunika shuka. Bi Chiku akaja na hadithi zake za Lindi, ambazo kwa kawaida Bibi huzikatiza katikati kwa ubishi. Safari hii alimwacha azimalize, na Bi Chiku akatoka chumbani anafuta macho. Nilikuwa mdogo lakini hilo nililielewa. Bibi yangu akiacha kubisha, anakwenda zake.

Sasa katikati ya huzuni hiyo nikamwona Mzee Maganga anakuja na kigoda. Mvua ilikuwa kubwa, sokoni hakuendi mtu. Alikiweka kigoda kizingitini mwa chumba cha Bibi, nje kidogo, kama adabu inavyotaka, akaketi. Nilikuwa nimekaa mlangoni kama askari.

"Shikamoo babu," nikamwambia, maana adabu ni adabu hata kwa adui.

"Marahaba mchumba. Mtani wangu amekufa au bado anajivuta?"

Bibi alikuwa bado ameukabili ukuta. Mzee Maganga akaingiza mkono kwenye furushi la shashi lililokuwa juu ya mkeka, akachomoa karatasi nyekundu, nyekundu ya Shangazi Zuhura, akaanza kuikunja.

"Naona maua ya harusi hayatoki," akasema kwa sauti ya kushinda bati. "Basi mimi nitafanya ya msiba. Nitayapachika kwenye jeneza lako, mtani. Watu wakiuliza nani kayafanya, nitasema ni mimi, na marehemu alinifundisha mwenyewe."

Akakata. Sijawahi kuona ua baya kama lile. Lilikuwa kama kabichi iliyopitiwa na mkokoteni. Akaliinua juu, akaligeuza, akasema, "Zuri kabisa." Akaliweka kizingitini, akachukua kigoda chake, akaenda zake. Nililichukua nikataka kulitupa, lakini nikasikia kitanda kimelia. Bibi alikuwa amegeuza kichwa, anatazama kitu kilichoko mkononi mwangu. Kisha akaurudia ukuta.

Nikaenda kwa Bi Chiku kutafuta dawa. Bila kumtaja mtu nikamwuliza mgeni asiyetakiwa hufukuzwaje. Bi Chiku alikuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua macho kwamba kwao ufagio husimamishwa nyuma ya mlango, kichwa chini, na mgeni mwenyewe atahisi makalio yanamwasha, ataondoka. Nikachukua ufagio wa chelewa wa uani, nikausimamisha nyuma ya mlango wa Bibi kama nilivyoelezwa. Usiku ule nililala kwa raha.

Kesho yake mvua ile ile, na Mzee Maganga yule yule na kigoda chake. Aliketi, akajisogeza, akachungulia nyuma ya mlango akauona ufagio. Akanitazama mimi. Nikatazama dari.

"Nani kaniwekea hii?" akauliza. "Mungu ambariki. Nilikuwa nawaza nitapata wapi vijiti vya maua yangu."

Akachomoa chelewa moja kwenye ufagio wangu, akaisokotea shashi, akaipaka gundi kama anayepaka chokaa ukutani, na ua la pili likasimama kwenye kijiti. Kama la kwanza lilikuwa baya, hili lilikuwa tusi. Petali moja ilikuwa kubwa kama sikio la mbuzi, nyingine haikuwapo kabisa. Gundi ilimchuruzika mpaka kiwikoni.

"Hili litakaa kichwani pako pale pale," akasema. "Wazaramo wote wataliona."

Kutoka kitandani ikaja sauti kavu, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Nani kakwambia jeneza la Mwislamu linapachikwa maua ya karatasi?"

Mzee Maganga hakuinua macho. "Kwetu tunapachika."

"Uongo. Kwenu hamna hata karatasi." Akageuza kichwa. "Na hiyo nyekundu ni ya Zuhura. Unaniharibia."

"Wewe si umekwisha? Nyekundu utaifanyia nini?"

"Ilete hapa."

"Siileti. Mikono yako imekufa, umesema mwenyewe, nyumba nzima tumesikia."

Hapo nikamwona bibi yangu akifanya jambo ambalo daktari, Mama na Shangazi Zuhura hawakuweza kulipata kwa kubembeleza. Aliweka miguu chini. Akashika ukingo wa kitanda, akajivuta, akakaa. Akaninyooshea mkono, nami nikakimbia kumpelekea lile ua. Akaligeuza huku na huku kwa ncha za vidole, kama mtu aliyepewa samaki aliyelala soko la Feri.

"Hili ndilo ua?"

"Ndilo," Mzee Maganga akasema. "Fanya lako tulione."

Akaomba mkasi. Mikono ilitetemeka vile vile. Alikunja, akakata, akapinda kingo. Liliinama upande mmoja, na petali zake hazikulingana. Siku chache nyuma angeutupa mkasi. Sasa alilichukua la kwake akaliweka kizingitini kando ya lile la Mzee Maganga, tukayatazama yote mawili. La Bibi halikuwa zuri. Lakini kando ya lile jingine lilikuwa bi harusi.

"Langu angalau linajulikana ni ua," Bibi akasema.

"Mimi naona ni kabichi na mdogo wake."

Bibi akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikaisha, akaniambia nikamwambie Mama uji uwe na ndimu, ule wa jana ulikuwa kama maji ya kudekia.

Tangu siku hiyo Mzee Maganga akawa anakuja kila mvua inapomkosesha soko. Walikaa, yeye nje ya kizingiti na Bibi ndani, halafu Bibi akasogea mkekani, halafu wote wakawa ukumbini pamoja na Bi Chiku na minyororo yake, matusi yanavuka huku na huku juu ya shashi. Maua ya Bibi yakawa yananyooka. Mikono haikuacha kutetemeka kabisa, ila aliizoea, akajifunza kukata pale inapotulia. Ajabu ilikuwa kwa Mzee Maganga. Masika nzima alifundishwa na fundi mkuu wa Kariakoo, na ua lake la mwisho lilikuwa baya kama la kwanza. Nilifurahi sana kuona kwamba adui yetu, juu ya ubaya wake wote, alikuwa pia hana akili.

Mvua zikakatika. Chumba cha Shangazi Zuhura kilipambwa mpaka wanawake waliokuja kukiona walitolewa kwa kusukumwa. Mzee Maganga alikaa barazani na sinia mbele yake, akala kwa mkono usiopumzika. Nikamsikia anamwambia Bibi dirishani, "Nilitaka ubwabwa wa msiba, nimepewa wa harusi. Si haba, mchele ni ule ule." Bibi akamwambia apunguze kula, karanga zake zitamwonea wivu. Lile ua la kijiti cha chelewa hakulitupa. Alilichomeka juu ya kioo chake, na aliyeuliza aliambiwa ni la kutishia mende.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimeshakua, nina mimba ya kwanza, Mzee Maganga alipofariki katika chumba kile kile cha mwisho. Nilikwenda msibani kama mtu mzima anayejua utani ni nini, na bado sikuwa tayari kwa nilichokiona. Jeneza lilipoinuliwa, Bibi, ambaye wakati huo alikuwa akitembea kwa kushikilia kuta, alikwenda akaketi kizingitini, akanyoosha miguu. Mkononi alikuwa na ua jekundu lililopauka, petali moja kama sikio la mbuzi.

"Hatoki," akasema. "Huyu aliniharibia shashi za binti yangu. Mtu anasokota karatasi soko zima linamtazama, hamwagi hata punje, akaja kwangu akajifanya hajui kukunja ua. Mwongo huyu. Hatoki mpaka nipate haki yangu."

Watu wakacheka, kama inavyotakiwa. Akaletewa jogoo. Bibi akampokea, akamweka pajani, akaichomeka ile chelewa kwenye kamba ya jeneza lililosubiri juu yake, pale pale alipowahi kumwambia kwamba Waislamu hawapachiki maua. Shehe alitazama pembeni. Bibi akakunja miguu, akawapisha.

Jioni nilikaa naye uani. Nilikuwa nimeshikwa na jambo moja, nikamwuliza tangu lini alijua kwamba Mzee Maganga alikuwa anaharibu kwa makusudi.

"Siku ile ile. Ua la kwanza. Nilikuona umelishika."

"Na hukumwambia? Hata kumshukuru?"

Bibi alinitazama kama vile nimemwuliza kwa nini samaki hapikwi na sukari. "Mtani hashukuriwi, mwanangu," akasema. "Ningemshukuru angeona aibu, na mimi ningeona aibu, tungebaki tunasalimiana kwa heshima kama watu wasiojuana." Akaanza kumnyonyoa yule jogoo, na ndipo nilipoona analia.

Huko ndiko mawazo yalikokuwa yamekwenda juzi, gundi ikipoa mezani na mvua ikipiga bati la jirani. Niliporudi, Tatu alikuwa ananitazama. Nikalichukua ua lake, nikaligeuza huku na huku. Nikamtazama vidole, vile vinavyosuka nywele laini kuliko uzi huku macho yake yako kwenye simu.

"Hili ndilo ua?" nikamwuliza.

"Ndilo, mke mwenza," akasema. "Fanya lingine tulione."

Sikumshukuru. Nilimwambia hata mbuzi hawezi kulila, nikavuta karatasi nyingine.